Mlango Unaojifunga Wenyewe

Mvuvi wa pwani akimkuta bunju wavuni hahitaji kuelezwa. Samaki huyo hujijaza maji mpaka awe kama mpira, na mwenye chombo humrudisha baharini kabla mtoto hajamwokota. Wazee wanajua kwamba kumpika hakusaidii, maana sumu yake, ambayo hukaa zaidi kwenye ini na mayai, haivunjwi na moto wa jikoni. Anayemla huanza kuhisi ganzi midomoni na ulimini, kisha kwenye vidole, kisha miguu hukataa kumbeba. La kutisha kuliko yote ni kwamba akili hubaki macho. Mgonjwa anawasikia watu wakimlilia na hawezi kuinua kope. Akifa, hufa kwa kukosa pumzi, kwa sababu misuli ya kifua imeacha kupokea amri.

Kwa karne nyingi maarifa haya yalikuwa ya wavuvi na wapishi. Septemba 1774 yalimfikia kwa uchungu nahodha James Cook, akiwa ametia nanga New Caledonia katika Bahari ya Pasifiki. Yeye na wataalamu wawili wa viumbe aliosafiri nao, Johann Forster na mwanawe Georg, walionja kidogo tu ini na mayai ya samaki wasiyemjua. Usiku ulipokuwa mkubwa viungo vyao vilikufa ganzi. Cook aliandika katika daftari la safari kwamba mkono wake ulishindwa kupambanua uzito: chombo kilichojaa maji na unyoya vilikuwa sawa. Wote watatu walipona. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa.

Mwaka 1909 Mjapani Yoshizumi Tahara aliipa sumu hiyo jina la tetrodotoksini. Ilipita nusu karne nyingine kabla mtu hajajua inakamata kitu gani mwilini, na hilo halikuwa kosa la wakemia. Kitu chenyewe kilichokamatwa kilikuwa bado hakijagunduliwa.

Aliyefungua njia ya kukigundua alikuwa mnyama mwingine wa baharini, ngisi. Ngisi akishtuka hubana mwili wake kwa ghafla, akarusha maji na kukimbia kinyumenyume. Amri ya kubana hupita katika uzi wa neva mnene ajabu, ambao kipenyo chake hufika nusu milimita na zaidi, ilhali nyuzi za neva zetu hazionekani bila darubini. Mwingereza John Zachary Young aliwatangazia wenzake jambo hili mwaka 1936. Kabla ya hapo, aliyepasua ngisi na kuuona uzi huo aliweza kudhani ni mshipa wa damu.

Agosti 1939, katika maabara ya viumbe wa bahari huko Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, walifika vijana wawili kutoka Cambridge: Alan Hodgkin, miaka 25, na Andrew Huxley, miaka 21. Kwanza walitaka kujua ute ulio ndani ya uzi ule ni mzito kiasi gani, wakadondosha tone la zebaki ndani yake walitazame likishuka. Tone halikushuka. Ute ule ulikuwa kama uji ulioganda. Basi wakaona kwamba uzi unaoweza kupokea zebaki unaweza kupokea pia mrija mwembamba wa kioo wenye waya ndani, nao ungepima umeme wa neva kutoka tumboni mwake.

Tangu 1902 wataalamu walikuwa wakimfuata Mjerumani Julius Bernstein. Neva ikitulia, alisema, ndani yake kuna umeme hasi kwa sababu utando wake huruhusu potasiamu tu kupenya. Ishara inapopita, utando hulegea kwa muda mfupi, kila kitu kikavuja, na tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ikawa sifuri. Fikra hiyo ilikuwa safi na ilieleza mengi. Lakini kipimo cha vijana wale wa Plymouth hakikusimama penye sifuri. Kilivuka, kikapanda makumi ya milivolti upande wa chanya, kisha kikashuka, yote hayo ndani ya sehemu mbili hivi za elfu moja za sekunde. Kuvuja tu hakuwezi kufanya hivyo. Palikuwa na kitu kinachoingia kwa nguvu.

Wakapeleka barua fupi kwenye jarida la Nature wakieleza walichokiona bila kusema sababu yake. Wakati huo vita ilikuwa imeshaanza. Hodgkin alienda kufanyia kazi rada za ndege, Huxley akaingia kwenye hesabu za mizinga, na mwaka 1941 maabara ya Plymouth ikapigwa mabomu. Swali lilingoja.

Vita ilipokwisha, jibu lilitafutwa ndani ya maji ya bahari yenyewe. Nje ya seli kuna sodiamu nyingi, ile iliyomo katika chumvi ya kawaida, na ndani kuna potasiamu nyingi. Hodgkin akiwa na Bernard Katz, Myahudi aliyekuwa ameikimbia Leipzig kwa sababu ya Wanazi, walipunguza sodiamu katika maji yanayoizunguka neva. Ishara ikafifia kwa kadiri sodiamu ilivyopungua. Walichapisha matokeo mwaka 1949. Kile kinachoingia kwa nguvu kilikuwa sodiamu.

Bado hawakuweza kuona inaingiaje. Volti hufungua njia ya sodiamu, na sodiamu ikiingia hubadilisha volti, nayo volti mpya hufungua njia zaidi. Mtazamaji hajui lipi limesababisha lipi. Mmarekani Kenneth Cole alikuwa amebuni dawa ya tatizo hilo: mtambo wa umeme unaoishikilia volti ya neva mahali pamoja kwa nguvu, haupandi wala haushuki, huku ukipima mkondo unaopita. Hodgkin na Huxley waliuboresha mtambo huo, na katika kiangazi cha 1949 walirudi Plymouth na ngisi wao.

Hapa ndipo mimi hupenda kusimama kila ninapoirudia historia hii. Waliipandisha volti ghafla wakaishikilia hapo juu. Sodiamu ikaingia kwa kasi, kama walivyotegemea. Kisha, bila wao kubadilisha lolote, mkondo wa sodiamu ukafa. Kile kinachofungua njia kilikuwa bado kinasukuma, lakini njia imejifunga. Na ilikataa kufunguka tena mpaka volti irudishwe chini na kupewa muda mfupi wa kupumzika. Baada yake potasiamu ilianza kutoka taratibu, ikirudisha umeme hasi ndani.

Watu wakieleza neva husifu kufunguka, ule mlipuko wa ishara. Naona sifa kubwa ingepewa kule kujifunga. Kwa sababu njia iliyotoka kutumika imefungwa, ishara haiwezi kurudi ilikotoka. Husonga mbele tu. Kwa sababu inahitaji kupumzika, neva haiwezi kupiga mfululizo bila kikomo. Na kama tutakavyoona, magonjwa mengi yaliyokuja kueleweka baadaye yalianzia hapo.

Mwaka 1952 Hodgkin na Huxley walitoa makala matano. Katika la mwisho waliandika milinganyo ya hesabu: njia ya sodiamu ina vitu vitatu vinavyoifungua haraka na kimoja kinachoifunga polepole. Walitaka kuona kama milinganyo hiyo ingezaa ishara iliyo sawa na ile ya ngisi halisi. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa katika matengenezo, hivyo Huxley alikaa na mashine ya kukokotoa ya kuzungusha kwa mkono, aina ya Brunsviga, akafanya hesabu hatua kwa hatua kwa muda mrefu. Milinganyo ilibashiri mwendo wa mita 18.8 kwa sekunde. Neva ya ngisi wao ilikuwa imepimwa kwa mita 21.2. Kwa karatasi na mashine ya mkono, huo ni ukaribu wa kustaajabisha. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Lakini katika makala yote hayo hawakusema kwamba ndani ya utando kuna mlango. Walisema tu kwamba upenyaji hubadilika. Iliwezekana kabisa kwamba sodiamu na potasiamu hupita mahali pamoja, kwa zamu.

Hapo bunju anarudi. Toshio Narahashi, mzaliwa wa Fukuoka aliyekuwa akichunguza jinsi dawa za wadudu zinavyodhuru neva, alikuwa ameshaona Japani kwamba tetrodotoksini huzima ishara za misuli. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alishirikiana na John Moore aliyekuwa na mtambo wa kushikilia volti, pamoja na William Scott. Walitumia uzi wa neva wa kamba koche. Matokeo yao ya 1964 yalikuwa wazi kuliko mtu yeyote alivyoweza kutarajia: kiasi kidogo mno cha sumu ya bunju kilizima mkondo wa sodiamu wote, na mkondo wa potasiamu ukaendelea kama hakuna kilichotokea. Kama vingekuwa vinapita mahali pamoja, visingeweza kutenganishwa hivyo. Clay Armstrong na Bertil Hille walikuja kuonyesha upande wa pili, kemikali inayoziba potasiamu na kuiacha sodiamu. Milango ilikuwa miwili, na kila mmoja una ufunguo wake.

Wataalamu huiita chaneli; hapa naiita mlango, kwa kuwa kazi yake ni hiyo. Molekuli moja ya sumu huziba mlango mmoja, na miligramu moja au mbili zinakadiriwa kutosha kumuua mtu mzima. Akili ya mgonjwa hubaki macho kwa sababu sumu haivuki kirahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Bunju mwenyewe hadhuriki, maana milango yake ina badiliko dogo linaloifanya sumu isishike.

Je, ni nini kinachofunga? Mwaka 1973 Armstrong, Francisco Bezanilla na Eduardo Rojas waliingiza ndani ya neva ya ngisi kimeng'enya kinachokata protini. Milango ya sodiamu iliendelea kufunguka vizuri, lakini haikufunga tena. Basi kifungio kilikuwa kipande cha protini kinachoning'inia upande wa ndani, ambapo kimeng'enya kingeweza kukifikia. Miaka minne baadaye Armstrong na Bezanilla walikieleza kuwa kama mpira uliofungwa kwenye mnyororo, unaoingia na kuziba tundu baada ya mlango kufunguka.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann, huko Göttingen, walikandamiza mrija wa kioo juu ya msuli wa chura na kuona mkondo wa mlango mmoja ukipanda na kushuka kama ngazi. Wengine waliichomoa protini ya mlango wa sodiamu kutoka kwenye utando kwa kuifuata mahali sumu ya bunju iliponata. Mwaka 1984 kundi la Shosaku Numa, Kyoto, likasoma jeni lake kutoka kwa samaki wa umeme. Sasa ikawezekana kumpima mgonjwa na kuuliza: je, mlango wake umeandikwa sawasawa?

Mmoja wa wagonjwa wa kwanza kujibu swali hilo kikamilifu alikuwa farasi. Impressive, dume la aina ya Quarter Horse lililozaliwa Marekani mwaka 1969, lilikuwa na misuli iliyovutia majaji wa mashindano, na wafugaji walilizalisha mpaka uzao wake ukafika makumi ya maelfu. Baadhi ya uzao huo walitetemeka ngozi, kisha wakaanguka na kulegea, hasa baada ya kula majani yenye potasiamu nyingi. Mwaka 1992 ilibainika kwamba mlango wa sodiamu wa misuli yao una herufi moja ya protini iliyobadilika. Mwaka uliotangulia ugonjwa unaofanana nao ulikuwa umefuatiliwa hadi kwenye jeni hilo kwa binadamu, watu ambao hupooza kwa saa kadhaa wakipumzika baada ya kazi nzito au wakila chakula chenye potasiamu nyingi.

Kilichoharibika ni kifungio. Baadhi ya milango inakawia kufunga, sodiamu inaendelea kuchuruzika, na misuli inatetemeka yenyewe. Inadhaniwa ndiyo mazoezi yasiyokoma yaliyowapa farasi wale misuli minene. Mchuruziko ukizidi, volti inakwama juu, na milango mizima iliyobaki, ambayo imejifunga kama inavyopaswa, haipati ile nafasi ya kupumzika inayoihitaji ili ifunguke tena. Msuli unalala. Kosa moja huleta kwanza mtetemo na kisha kupooza, na aliyeona mambo haya mawili bila kujua habari ya mlango asingeyaunganisha.

Milango haitii volti peke yake. Mwaka 1980 David Brown na Paul Adams waligundua kwenye neva za chura mlango wa potasiamu unaofunguka polepole na kuizuia seli isipige mara nyingi mno. Kemikali ya asetilikolini, ambayo neva hutumia kupashana habari, iliuziba mlango huo. Seli iliyokuwa ikijibu mara moja na kunyamaza ikaanza kupiga mfululizo. Kwa hiyo mwili una namna ya kulegeza au kukaza breki za seli zake kulingana na haja ya wakati ule. Mwaka 1998 watafiti wa familia ambazo watoto wao hupata degedege siku chache tu baada ya kuzaliwa, na kupona wenyewe miezi kadhaa baadaye, walipata jeni mbili zilizoharibika. Mwaka uleule ikaonekana kwamba protini za jeni hizo mbili, zikishikana, ndizo mlango wa Brown na Adams.

Dawa nazo zilikuwa zimetangulia mbele ya maelezo. Mwaka 1938, huko Boston, Houston Merritt na Tracy Putnam waliwapa paka mshtuko wa umeme wakitafuta kemikali ya kuzuia kifafa bila kumlaza mgonjwa, wakaipata fenitoini, iliyokuwa imetengenezwa mwaka 1908 na kuachwa. Hawakujua inafanyaje kazi. Leo tunajua kwamba fenitoini na ndugu yake karbamazepini, dawa mbili zinazojulikana sana katika hospitali za Tanzania na Kenya, hushika mlango wa sodiamu pale unapokuwa umejifunga, na kuchelewesha kufunguka kwake. Seli inayopiga kwa utulivu haiguswi sana. Inayopiga kwa fujo hukosa milango ya kutosha. Zinasaidia kule kujifunga kulikoonekana Plymouth.

Basi mtu angedhani kanuni ni nyepesi: kifafa ni sodiamu kupita kiasi, na tiba ni kuipunguza. Mfaransa Charlotte Dravet, mwaka 1978, alikuwa ameeleza kifafa kikali cha watoto wachanga kinachoanza katika mwaka wa kwanza, mara nyingi kwa degedege ya homa. Mwaka 2001 watafiti wa Antwerp, Ubelgiji, walichunguza watoto saba wenye ugonjwa huo. Wote saba walikuwa na kasoro mpya, ambayo wazazi hawakuwa nayo, katika jeni la mlango mmoja wa sodiamu wa ubongo. Na kasoro nyingi kati ya hizo zilikatisha protini katikati, kiasi kwamba nakala hiyo ya jeni haikujenga mlango wowote. Watoto hawa walikuwa na sodiamu pungufu, na bado walidegedeka. Madaktari walikuwa wameshaona pia kwamba lamotrijini, dawa nyingine ya kuziba sodiamu, iliwazidishia.

Jibu lilitoka kwa panya mwaka 2006, katika maabara ya William Catterall huko Seattle. Panya walioondolewa nakala moja kati ya mbili za jeni la mlango huo walipata kifafa kama watoto wale. Watafiti walipopima seli moja moja, seli zinazochochea wenzake zilikuwa na mkondo wa sodiamu wa kawaida. Waliopungukiwa ni seli ndogo ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake. Hizo hupiga kwa kasi kubwa na hutegemea sana mlango ule. Zikishindwa, hakuna anayewaambia wengine wanyamaze, na dawa inayoziba sodiamu huwazima hata wale watulizaji wachache waliobaki na nguvu.

Degedege inajulikana katika kila kijiji cha kwetu, na mara nyingi chanzo chake ni malaria au homa nyingine, nayo hupita na homa yake. Kipimo cha jeni hakipo katika hospitali nyingi. Lakini dalili za ugonjwa wa Dravet zinaweza kusikika kwa mama mwenyewe akipewa nafasi ya kueleza: mtoto aliyekua vizuri mpaka miezi mitano au sita, degedege iliyodumu muda mrefu na kushika upande mmoja wa mwili, ikarudi kwa homa ndogo tu, mara upande wa kulia, mara wa kushoto. Daktari anayeijua habari ya zile seli za kutuliza, kabla hajaandika karbamazepini, huinua macho kutoka kwenye kadi ya kliniki na kuuliza tena: mama, ilianza akiwa na miezi mingapi, na je, imewahi kumpata akiogeshwa maji ya moto, bila homa yoyote?